Madai ya Maji ya Camp Lejeune Yamekataliwa? Fanya Hivi

Nimeandika haya baada ya kumsaidia baba mkwe, aliyehudumu Camp Lejeune, kambi ya jeshi la Marekani huko North Carolina ambayo maji yake yalikuwa na kemikali zenye sumu, akaja kuugua saratani ya umio. Madai yake ya fidia kwa VA, idara ya maveterani ya Marekani, yalirudi yamekataliwa.

1. Angalia tarehe ya barua ya uamuzi. Una mwaka mmoja tangu siku hiyo. Ukiwahi, fidia ikikubaliwa huhesabiwa tangu madai ya awali.

2. Thibitisha siku 30 za kuwepo kambini kati ya 1 Agosti 1953 na 31 Desemba 1987. Si lazima zifuatane, na New River, kituo cha ndege za jeshi kilicho jirani, nayo inahesabika. Kama DD-214 (cheti cha kutoka jeshini) haionyeshi kituo, omba faili zima la utumishi kwenye hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi iliyoko St. Louis kwa fomu SF-180.

3. Jua ugonjwa uko kwenye orodha ipi. Hapa ndipo tulipokwama. Orodha ni mbili, na watu huzichanganya. Sheria ya 2012 ina magonjwa 15, lakini ni ya matibabu. Kanuni ya 2017, ya fidia, ina manane tu: lukemia ya watu wazima, anemia ya aplastiki pamoja na MDS (uboho kushindwa kutengeneza damu vizuri), saratani za kibofu, figo na ini, mailoma, limfoma isiyo ya Hodgkin, na Parkinson. Mwenye mojawapo hahitaji kuthibitisha kwamba maji ndiyo chanzo.

Saratani ya umio imo kwenye 15, haimo kwenye manane. Madai bado yanawezekana, ila yatasimama au kuanguka kwa barua ya daktari. Mtafute mtaalamu wa ugonjwa wenyewe, umpe faili lote. Aandike kwamba amelisoma, ataje benzini na TCE, kemikali zilizokuwa kwenye maji hayo, na muda ambao mzee alikaa kambini, kisha aseme uwezekano ni angalau asilimia 50. Neno "huenda" pekee halina uzito. Na sigara, pombe, kiungulia cha miaka mingi? Avitaje mwenyewe na aeleze kwa nini havitoshi kuwa sababu. Akivinyamazia, mkaguzi ataanzia hapo hapo.

4. Chagua njia. Ukiwa na barua hiyo, tumia fomu 20-0995, ya madai ya nyongeza yenye ushahidi mpya. Mimi naipendelea kuliko zote. Fomu 20-0996 ni ya kukaguliwa upya na afisa mwandamizi, haipokei ushahidi mpya. Fomu 10182 inakwenda kwenye Bodi ya Rufaa.

5. Tuma, utunze risiti. Vyama vya maveterani vilivyoidhinishwa husaidia bure, kwa hiyo usimlipe mtu asiye na idhini.