Kupima uzito na kitovu cha uzito cha ndege uliyojijengea: mwongozo kwa tulioko Dodoma

Riveti ya mwisho ikishakaa na injini ikikubali kuwaka, mtu anawaza kuruka tu. Kupima uzito, na kutafuta kitovu chake, yaani pale ambapo uzito wote wa ndege unasawazika mbele kwa nyuma, kunaonekana usumbufu wa makaratasi, kwa hiyo wengi hukufanya juu juu. Juzi nilikuwa namsaidia mwenzetu mmoja mwenye ndege ya viti viwili, bawa liko juu, gurudumu moja mbele na mawili nyuma, na maswali aliyokuwa ananiuliza ndiyo yamezaa mwongozo huu. Namba zilizomo humu ni za mfano. Za kwako zitatoka kwenye mizani yako na kwenye kitabu cha aliyebuni ndege yako.

Kwetu huku uzito una makali ya ziada. Uwanja wa ndege wa Dodoma uko mita zipatazo 1,120 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Novemba, joto likigusa nyuzi 30, hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege inafanya kazi kana kwamba iko karibu mita 1,900. Bawa linabeba kidogo, pangaboi linavuta kidogo, injini nayo inapata pumzi kidogo. Ukikosea kilo 15 kwenye uzito mtupu (ndege bila watu, mizigo wala petroli ya kutumika), mwenzako wa pwani anaweza asigundue maishani. Wewe utaiona mibuyu ya mwisho wa uwanja inakuja haraka kuliko ulivyotegemea.

Hatua ya 1: Mizani

Unahitaji tatu, zote kwa wakati mmoja, kila moja ya kubeba angalau kilo 200. Usihangaike kuagiza za ndege kutoka nje. Mizani za kidijitali za jukwaa wanazopimia mahindi na alizeti zinatosha kabisa, na mkoa huu hatuna uhaba nazo: kuanzia soko la Majengo hadi soko la nafaka la Kibaigwa utampata wa kukukodisha. Sharti langu ni moja, iwe na stika ya Wakala wa Vipimo ambayo haijapitwa na muda. Mizani za bafuni sizitaki hata bure, na ile ya kuning'iniza waachie wauza nyama.

Kabla ya kuzipakia kwenye gari, weka mfuko uleule wa saruji juu ya kila moja. Mfuko umeandikwa kilo 50 lakini usiuamini kwa hilo. Unachotafuta ni kama mizani zote tatu zinasema kitu kimoja. Halafu omba mawe ya mizani uhakikishe hicho kitu kimoja ni cha kweli.

Hatua ya 2: Andaa ndege

Ioshe, ikauke. Kila kitu cha kudumu kiwe mahali pake: viti, betri, milango, vifuniko. Oili na maji ya kupozea injini viwe kwenye kiwango. Petroli itoe yote inayotoka, ndege ikiwa imekaa mkao wa kuruka, ibaki ile tu isiyotumika. Kagua chini ya viti na nyuma ya kizuizi cha mizigo. Spana namba 13 ina tabia ya kujificha huko.

Hatua ya 3: Ndani, milango imefungwa

Kupima nje ni kujisumbua, hasa miezi ya Juni hadi Septemba ambapo upepo wetu haupumziki. Upepo wa kilomita 18 kwa saa, ambao hata kofia hauondoi, ukipita kwenye bawa la mita za mraba 11 unaweza kuinyanyua ndege kwa takriban kilo 7. Mizani itakuonyesha ndege nyepesi, nawe utafurahi. Ingia kwenye hanga, au azima ghala la mtu lenye sakafu ya zege, funga milango.

Hatua ya 4: Nyoosha ndege

Hapa ndipo alasiri yetu ilipoishia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mbunifu amekupa sehemu ya rejea ya kuweka pima maji, mara nyingi kizingiti cha mlango au ukingo wa juu wa bodi. Ndege ikipimwa, sehemu hiyo lazima iwe imelala sawasawa, mbele kwa nyuma na kushoto kwa kulia. Watu wengi wanakagua hilo ndege ikiwa sakafuni, wanaridhika, kisha wanaipandisha kwenye mizani na hawakagui tena. Tatizo ni kwamba mizani hazina unene mmoja. Zetu mbili zilikuwa pacha, ya tatu ilikuwa ya kampuni nyingine na jukwaa lake lilikuwa juu zaidi kwa sentimita 5 hivi. Tuliiweka mbele kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na mlango.

Sentimita 5 zinafanya nini? Kutoka gurudumu la mbele hadi ya nyuma kwenye ndege yetu ya mfano ni mita 1.45, kwa hiyo pua imeinuka nyuzi 2. Ndege ya bawa la juu uzito wake uko juu. Chukua kwamba kitovu kiko sentimita 90 kutoka chini. Ikiinama nyuzi 2, kitovu hicho kinasogea sentimita 3 kwenda nyuma ukilinganisha na magurudumu. Kwenye ndege ya kilo 294, gurudumu la mbele linapoteza kilo 6 na zaidi, ambazo zinahamia nyuma. Jumla haibadiliki hata chembe, ndiyo maana kosa hili halijitangazi. Unapata uzito sahihi na kitovu cha uongo.

Pua ikiwa juu, hesabu itakuambia ndege ni nzito mkiani kuliko ilivyo, na ubaya wake utaishia kwenye kujinyima mizigo. Pua ikiwa chini ndiyo balaa: utaamini una nafasi nyuma ambayo huna, utajaza begi na dumu la maji, na ndege yenye kitovu kilichopita mpaka wa nyuma aliouweka mbunifu, bawa lake likiacha kuibeba angani, inaweza isikubali kuinamisha pua tena.

Tiba yake ni vipande vya plaiwudi. Inua mizani iliyo fupi, si gurudumu: plaiwudi ikae chini ya mizani, iwe ngumu, isicheze, na mizani yenyewe ikae sawa kwa kiputo chake na miguu yake ya kuzungusha. Ukilazimika kuweka chochote juu ya jukwaa, kabari, ubao, chochote kile, kipime peke yake na ukitoe kwenye hesabu. Kwa marekebisho madogo ya mwisho punguza upepo kwenye tairi ya mbele kidogo kidogo. Inafanya kazi vizuri kuliko kuchonga ubao.

Kuhusu chombo cha kunyooshea: programu ya simu sikushauri. Simu ina kamera iliyotokeza mgongoni, ina kava, na nyuzi moja kwake ni kitu kidogo. Pima maji ndefu ya chuma ni nzuri. Mimi napenda zaidi mpira wa maji wanaotumia mafundi wa ujenzi: mpira mwembamba unaopitisha mwanga, maji yenye tone la wino, ncha moja mbele ya sehemu ya rejea na nyingine nyuma. Mradi umetoa viputo vyote vya hewa, maji hayana upendeleo. Bei yake ni ya soda chache.

Bado hujamaliza. Miguu ya nyuma ya ndege nyingi za aina hii ni bapa la alumini linalofanya kazi ya springi. Ukiinua ndege kwa jeki na kuishusha juu ya mizani, miguu inataka kutanuka nje, lakini tairi imeshika jukwaa na haitelezi. Matokeo yake jukwaa linasukumwa kiubavu, na mizani ya nafaka haikutengenezwa kwa msukumo wa ubavu. Dalili zake: kushoto na kulia vinatofautiana bila sababu, na ukishusha ndege upya unapata jumla nyingine. Sisi tulibadilisha betri za mizani, tukamlaumu mwenye mizani, tukabadilishana mizani kushoto kwa kulia, kumbe pamoja na hayo yote breki ya maegesho ilikuwa imefungwa.

Kwa hiyo: breki achia. Chini ya kila tairi ya nyuma weka mabaki mawili ya bati la alumini yenye grisi katikati, ili la juu liteleze juu ya la chini (na yapime, yana uzito). Ndege ikishakaa, itikise kwa upole kwenye ncha ya bawa, iache itulie yenyewe. Kama una njia panda za mbao, kuisukuma ipande ni bora kuliko jeki. Kabari ziwe tayari mkononi mwa mtu, si chini ya tairi wakati wa kusoma. Kisha rudi na mpira wa maji ukague unyoofu kwa mara nyingine, kwa sababu kila ulichokigusa kimeubadilisha.

Hatua ya 5: Mikono

Mkono ni umbali kutoka mstari wa rejea hadi mahali uzito unapokaa. Mstari wa rejea anauchagua mbunifu; kwenye mfano wetu ni ukingo wa mbele wa bawa. Ndege ikiwa bado imenyooka, shusha timazi kutoka ukingo huo, weka alama ya chaki sakafuni upande wa kushoto na wa kulia, unganisha kwa uzi. Shusha timazi kutoka katikati ya kila ekseli. Pima kwa tepu, sambamba na urefu wa ndege. Usichukue vipimo kwenye mchoro. Ndege uliyoijenga wewe si ile ya kwenye mchoro, hata kama ulijitahidi.

Hatua ya 6: Soma

Hakuna mtu ndani, hakuna aliyeegemea. Andika tatu zote, shusha ndege, pandisha upya, andika tena. Zikitofautiana zaidi ya kilo moja, rudi hatua ya 4.

Hatua ya 7: Hesabu

Fanya kwa kalamu kwanza, ukishaelewa ndipo uingize kwenye kompyuta. Uzito mara mkono ni momenti. Kilicho mbele ya mstari kina alama ya kutoa.

Mbele: kilo 66 × -0.75 = -49.5
Kushoto: kilo 113 × 0.70 = 79.1
Kulia: kilo 115 × 0.70 = 80.5

Jumla ni kilo 294, momenti 110.1. Gawanya momenti kwa uzito: mita 0.374 nyuma ya ukingo wa bawa. Bawa hili lina upana wa mita 1.40 kutoka mbele hadi nyuma, hivyo kitovu kiko kwenye asilimia 26.7 ya upana huo.

Sasa pakia. Watu wawili kilo 150 kwenye mkono wa 0.42 wanaleta 63. Petroli lita 40, kwa kilo 0.72 kila lita, ni kilo 28.8, matangi ya bawa yako kwenye 0.30, inaleta 8.64. Begi kilo 12 kwenye 1.20 linaleta 14.4. Jumla kilo 484.8, momenti 196.14, kitovu mita 0.405, yaani asilimia 28.9.

Wengi wanaishia hapo. Endelea: petroli ikiisha je? Ondoa kilo 28.8 na momenti yake, kitovu kinarudi nyuma hadi mita 0.411, asilimia 29.4, kwa sababu matangi yako mbele ya kitovu. Hapa tofauti ni ndogo. Kwenye ndege yenye tangi mbele ya dashibodi inaweza kukutoa nje ya mpaka wakati wa kutua ilhali uliruka ukiwa salama. Fanya pia hesabu ya rubani peke yake aliye mwepesi na matangi kamili, na ya watu wazito na begi lililojaa. Hizo nne ndizo za kubandika ndani ya ndege.

Hatua ya 8: Baada ya hapo

Ripoti inaingia kwenye faili la ndege pamoja na makaratasi mengine ya TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Muulize mkaguzi mapema kama angependa kuwepo siku ya kupima, usije ukarudia kazi yote.

Pima upya ukipaka rangi, ukibadilisha pangaboi, betri au matairi. Na kila ukaguzi wa mwaka fungua mkia. Vumbi letu jekundu linapenya kwenye matundu ya nyaya za usukani na kujikusanya mwishoni kabisa, na nyigu wanajenga viota vya udongo palepale. Kilo moja tu, mita 4 nyuma ya mstari wa rejea, inasogeza kitovu cha ndege hii ikiwa tupu zaidi ya sentimita moja. Brashi ndefu na kifyonza vumbi vinatosha; maji usipeleke huko.

Ukitoa ripoti mpya, ya zamani usiitupe. Ipige mstari wa mshazari, andika imebadilishwa, tarehe na sahihi, uiweke kwenye faili nyuma ya mpya.