Somo: Kufunga mita ya kasi ya dijitali na kuipangia skeli, mfano wa rola za CTC

Wakuu, habari za kazi. Somo hili niliwaahidi tangu tulipomaliza lile la sensa (kile kifaa kinachohisi chuma kikipita mbele yake bila kukigusa, kisha kinatoa pigo la umeme), leo natimiza. Nitatumia kazi niliyoifanya kwa mikono yangu kwenye kiwanda kimoja cha chai Mufindi: mita ya kasi ya mashine ya CTC, ile inayoponda, kurarua na kukunja majani yakishanyaushwa. Aliyeko kwenye mabati, sukari au unga asiondoke, hesabu ni ileile.

CTC ina rola mbili zenye meno, zinageuka kwa kuelekeana. Moja inakimbia, kwa kawaida RPM (mizunguko kwa dakika) 700 hivi, na nyingine inakwenda taratibu, RPM 70. Tofauti hiyo ya kumi kwa moja ndiyo inayorarua jani. Ndiyo maana mita hapa si pambo la paneli. Ikidanganya, chai inaharibika zamu nzima na hakuna anayejua.

Kabla hujashika bisibisi, tuelewane: mita haijui RPM. Haijui mita kwa dakika wala lita. Inachojua ni mapigo ya umeme yanayoingia kutoka kwenye sensa, na kazi ya kuyageuza yawe namba yenye maana ni yako.

Hatua ya 1: Karatasi na kalamu

RPM 70 ni sawa na mizunguko 1.17 kwa sekunde. Ukiweka bolti moja kwenye shafti, sensa inapiga mara moja kila sekunde 0.86, na hiyo ni polepole mno. Ukiweka bolti 6 unapata mapigo 7 kwa sekunde, yaani hezi 7. Kizidishio ni 60 gawanya kwa idadi ya mapigo ya mzunguko mmoja: 60 ÷ 6 = 10. Hezi 7 mara 10 ni 70. Rola ya kasi ikiwa na bolti 6 pia inatoa hezi 70, mara 10 ni 700. Sita niliichagua makusudi, ili fundi wa zamu ya usiku aweze kuhakiki kichwani bila kikokotoo.

Hatua ya 2: Sahani ya bolti na sensa

Zima swichi kuu ya mota, ipige kufuli lako mwenyewe, na funguo zikae mfukoni mwako, si mezani kwa msimamizi. Rola za CTC hazina huruma na kidole cha mtu.

Nilikata sahani ya chuma nikaichorea duara la nusu kipenyo cha milimita 75. Kugawa mashimo sita hakuhitaji hesabu: acha bikari kwenye milimita 75 zilezile, tembea nayo juu ya duara, itarudi ulipoanzia baada ya hatua sita kamili. Bolti ni M12 (unene wa milimita 12) za chuma cha kawaida. Stenlesi inapunguza umbali wa sensa kuona, na alumini inaushusha chini ya nusu. Chini ya kila kichwa weka nati moja ili kichwa kinyanyuke, sensa isije ikachanganya bolti na sahani. Kaza kwa nati zenye nailoni, maana hiki ni chakula cha watu na hatutaki bolti ikutwe ndani ya chai.

Sensa niliyotumia ni ya M18 yenye umbali wa kuona wa milimita 5. Usiifunge kwenye milimita 5. Iache milimita 3 kutoka kwenye kichwa cha bolti, kwa sababu shafti ina mtikisiko, na joto nalo lina mambo yake.

Sasa washa umeme wa paneli peke yake, mota ibaki imefungwa kwa kufuli. Geuza shafti kwa mkono polepole, macho kwenye kitaa cha nyuma ya sensa. Mzunguko mmoja, kiwake mara sita. Mimi mara ya kwanza kiliwaka mara tano. Bolti moja ilikuwa imezama chini kidogo kuliko wenzake, kwa macho huoni. Ningeruka hatua hii, mita ingesoma 58 na ningehangaika na menyu mpaka asubuhi.

Hatua ya 3: Nyaya

Tundu la paneli kwa mita nyingi za aina hii ni milimita 92 kwa 45. Waya wa kahawia unakwenda chanya ya volti 24, wa bluu sifuri, mweusi ndio wa mapigo. Soma kwenye mwili wa sensa kama ni NPN au PNP. NPN inauvuta waya mweusi kwenye sifuri, PNP inaupa chanya, na mita lazima ipangwe kulingana na hiyo, ama kwa swichi ndogo za ubavuni au kwenye menyu. Ukikosea hapo, kitaa cha sensa kinawaka vizuri lakini mita inasoma 0.

Tumia kebo yenye wavu, na wavu huo uunge ardhini upande wa paneli tu. Usiilaze pamoja na kebo za mota, hasa mota inayoendeshwa na invata (kifaa kinachobadilisha kasi ya mota kwa kubadilisha hezi za umeme wake).

Hatua ya 4: Skeli

Kwenye menyu utakutana na njia moja kati ya mbili. Ya kwanza inakuomba kizidishio, unaandika 10. Ya pili inakuomba jozi: hezi ngapi zinaingia, namba gani ionekane. Andika 70 na 700, basi. Kwenye jozi napendelea namba kubwa ya juu kabisa ninayoitarajia.

Hapa wengi wanaanguka kwa sababu ya nukta. Tuseme unataka isome 70.0. Kwenye mita nyingi nukta hiyo imechorwa tu kwenye kioo, ndani yake mita inahesabu 700. Kwa hiyo kizidishio kinakuwa 100, si 10. Ukisahau, utaona 7.0 na utaanza kulaumu sensa.

Hatua ya 5: Muda

Hatua hii ndiyo inayotenganisha mita inayoaminika na mita inayozimwa na waendeshaji. Zipo mita zinazofungua mlango kwa sekunde moja, zinahesabu mapigo yaliyoingia, zinafunga. Kwa mapigo 7, likichelewa moja unasoma 60, likiwahi moja unasoma 80. Mwendeshaji anaona 70, 60, 70, 80, anadhani giaboksi limekufa. Kwa shafti ya taratibu nunua inayopima muda kati ya pigo na pigo. Kwa rola yetu ni milisekunde 143 hivi, na mita inaweza kukupa hata desimali.

Lakini nayo ina adabu zake. Bolti moja ikikaa nje ya alama yake kwa milimita moja tu, namba inacheza karibu RPM 1 kila bolti hiyo inapopita. Dawa ni kuiambia mita ichukue wastani wa mapigo 6, yaani mzunguko mzima, ili kosa la bolti moja lifidiwe na inayofuata. Kama mita yako haina wastani wa mapigo, weka muda wa chini wa kusasisha uwe sekunde 1.

Kisha kuna muda wa kurudi sifuri: mita isubiri kiasi gani bila pigo ndipo ikubali kwamba shafti imesimama? Rola ikianza kugeuka, kwenye RPM 10, pigo linakuja kila sekunde 1. Niliweka sekunde 2. Ukiweka nusu sekunde, rola inazunguka na mita inasema 0, na mtu anaweza kuiamini akaingiza mkono. Kwa sababu hiyohiyo, hata ikisoma 0 kweli, kufuli lako ndilo linalosema mashine imesimama. Mita haina kauli hapo.

Hatua ya 6: Hakiki, kisha nywila

Bandika karatasi ya kung'aa kwenye shafti, rudisha kava zote, ndipo uwashe na upime kwa takometa ya mkono. Huna takometa? Chora mstari wa chaki mahali unapouona ukiwa nje ya kava, hesabu mizunguko kwa sekunde 60 ukiwa na mwenzako wa kushika saa. RPM 70 inahesabika.

Ukimaliza weka nywila. Sehemu moja niliyowahi kufanya kazi, puli ilibadilishwa ikawekwa ya saizi nyingine, rola ikaenda kasi kuliko inavyotakiwa. Mtu badala ya kutafuta puli sahihi alichezea kizidishio mpaka mita ikarudi kusoma 70. Tulikaa siku kadhaa tukiangalia namba nzuri huku chai ikitoka mbaya. Iliniuma sana, kwa sababu daftari la zamu lilikuwa limejaa 70, 70, 70, na kila aliyeandika alikuwa mkweli.

MASWALI

Mwanachama, Morogoro: Mkuu, asante kwa darasa. Mimi nina konveya ya magunia, pipa la milimita 200, nimeweka bolti 4. Nataka mita kwa dakika.

Jibu: Mzingo wa pipa ni mita 0.628, gawa kwa 4, zidisha kwa 60, unapata 9.42. Lakini hicho kitumie kuanzia tu, kwa sababu unene wa mkanda nao una sehemu yake. Weka alama ya chaki kwenye mkanda, endesha polepole mpaka mapigo 40, pima alama imesogea kiasi gani. Kwa hesabu ni mita 6.28. Mkanda wa unene wa milimita 8 utakupa karibu 6.53. Namba uliyoipima gawa kwa 40, zidisha kwa 60, unapata karibu 9.8. Hiyo ndiyo ya kuweka. Na sensa ifunge kwenye pipa la nyuma, si la mota. Pipa la mota linaweza kuzunguka huku mkanda unateleza.

Mwanachama, Kericho: Habari fundi. Kwetu mashine ikiwa imezimwa mita inaonyesha 500 na imetulia kabisa. Nimebadilisha sensa mara mbili. Bolti ni 6 kama zako.

Jibu: Pole. Sensa haina kosa. 500 gawanya kwa kizidishio 10 ni hezi 50, huo ni umeme wa gridi umeingia kwenye waya wako. Angalia kama wavu wa kebo umeungwa, kama sifuri ya sensa haijalegea, na kama kebo haijafungwa pamoja na ya mota. Namba ikitulia hivyo, igawe kwa kizidishio kabla hujanunua kitu.

Mwanachama, Tanga: Rola ya taratibu inasoma sawa, ya kasi inasoma nusu, wakati mwingine chini zaidi. Bolti zinalingana.

Jibu: Nadhani kichujio cha mapigo kimewashwa. Kiliwekwa kwa ajili ya swichi za kugusana zinazotetemeka, na kinakula mapigo ya haraka. Hezi 7 zinapita, hezi 70 zinakwama. Sensa ya aina yetu haikihitaji, kizime.

Mwanachama, Morogoro: Samahani narudi tena. Kwa nini nisisome kasi kwenye invata tu, si inaonyesha RPM?

Jibu: Karibu tena, mkuu. Invata inaonyesha kasi inayodhani mota inakwenda, kutokana na hezi inazotoa na namba ulizoiandikia. Mikanda ya V ikiteleza, puli ikibadilishwa, invata haina habari. Iweke sensa kwenye shafti inayofanya kazi, halafu linganisha namba hizo mbili. Zikianza kuachana, fungua kava uangalie mikanda.