Chawa wa Kichwani: Anza Siku 17 Kabla ya Skuli

Jumapili ya mwisho kabla ya skuli kufunguliwa Januari ndiyo siku ninayoiogopa kuliko zote hapa saluni. Mama anaingia na binti zake wawili, jua limeshapinda, anasema, "Anti, wasuke msuko wa twende kilioni tu, kesho skuli." Ninamkalisha mdogo kwenye kigoda, ninapasua nywele nyuma ya sikio, na pale pale ninayaona mayai yamegandia nywele kama chembe za chumvi kwenye uzi. Nywele ninazifunika tena, mama ninamwita nje ya mlango tuzungumze huko, maana mtoto wa miaka tisa ana aibu yake kama mtu mzima.

Ninachomwambia mama huyo ndicho ninachokiandika hapa: kwa usiku mmoja hapatikani msusi wala dawa ya kuwamaliza. Chawa ni hesabu ya siku. Yai huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10 hivi. Dawa nyingi za kupaka huua chawa anayetembea, mayai mengi yakabaki salama. Kitoto kikishatoka kwenye yai kinahitaji siku 9 hadi 12 nyingine kukua mpaka kianze kutaga. Nafasi yetu iko hapo katikati. Ukipitisha kitana kila baada ya siku nne, unawatoa walioanguliwa kabla hawajafikia kutaga, na uzao unakatika. Ukipitisha mara moja ukashukuru Mungu, umeondoa wakubwa tu.

Basi ipange hivi. Tuseme skuli inafunguliwa Jumatatu tarehe 19. Unaanza Ijumaa tarehe 2, unarudia Jumanne tarehe 6, Jumamosi tarehe 10 na Jumatano tarehe 14. Jumapili tarehe 18 ni ya ukaguzi. Mimi napenda kuanza Ijumaa kwa sababu chuo chetu cha Kurani hapa mtaani hakisomeshi siku hiyo na watoto wako nyumbani.

Hatua ya 1: Hakikisha ni chawa kweli

Fumua kila kitu: rasta, mabutu, nywele za uzi. Chini ya rasta huoni kitu na kitana hakipiti, kwa hiyo usiniambie "nimezisuka juzi, pesa itapotea". Itapotea.

Mkalishe mtoto barazani asubuhi penye mwanga, au uwashe tochi ya simu. Anza nyuma ya masikio na kisogoni, karibu na shingo, halafu panda utosini. Chawa mkubwa ni kama punje ya ufuta, rangi ya kijivu au hudhurungi, na akiona mwanga anakimbia. Ndiyo maana watu wengi wanaona mayai tu. Yai ni dogo zaidi, limekaa upande mmoja wa unywele kama tone lililoganda.

Wengi huchanganya mayai na mba. Puliza. Mba hupeperuka, au ukikung'uta unaanguka begani. Yai huling'oi kwa kupuliza, inabidi ulibane kwa kucha mbili na kulivuta mpaka ncha ya unywele. Mabaki ya jeli nayo hudanganya, lakini maji yanayayeyusha. Ukiona mabaka ya mviringo ambapo nywele zimekatika na ngozi ina magamba, hayo ni mapunye. Dawa yake ni nyingine, mpeleke kituo cha afya.

Angalia pia umbali wa yai kutoka kwenye ngozi. Chawa hutaga karibu kabisa na ngozi, kwenye joto. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo yai lililo mbali zaidi ya hapo mara nyingi ni ganda tupu, na linakwambia mgeni huyu ana zaidi ya mwezi ndani ya nyumba yako. Mama husema, "Lakini hajikuni." Anayepata chawa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 ndipo aanze kuwashwa.

Hatua ya 2: Kagua vichwa vyote siku hiyo hiyo

Kidole kimoja hakivunji chawa, wahenga walisema, na sidhani walitania. Kagua ndugu zake, jikaguze na wewe, kagua na dada wa kazi.

Nilikuwa na mteja ambaye binti yake tulimsafisha mara tatu, na kila mara baada ya wiki chache tunarudi pale pale. Mama alishaanza kunitilia shaka. Siku moja nikamuuliza mtoto, "Unalala na nani?" Akanijibu, "Na bibi." Mtu aliona aibu kumgusa bibi kichwa! Nikaenda nyumbani kwao mwenyewe, nikamwamkia shikamoo, nikamwambia, "Bibi, leo nimekuja kukuchana na kukupaka mafuta ya nazi, zawadi yangu." Akafungua ukaya wake, nikamchana taratibu huku akinisimulia mambo ya zamani. Kitana kilitoka na chawa sita. Alicheka mpaka machozi, akasema alidhani ni uzee unamwasha. Baada ya hapo binti hakurudi tena na chawa.

Mwenye chawa wanaotembea, au mayai karibu na ngozi, anaingia kwenye kalenda. Asiyenavyo mwache, usimpake dawa ya bure.

Hatua ya 3: Dawa, kama utaitumia

Kitana peke yake kinaweza kumaliza kazi ukiwa na subira. Dawa inakupunguzia mzigo wa siku ya kwanza. Famasi ulizia losheni ya permethrini ya asilimia 1, ile ya chawa, usichukue ya upele ambayo ni kali zaidi. Osha nywele kwa shampuu ya kawaida bila kondishena, kausha kwa taulo zibaki na unyevu, paka mpaka kwenye ngozi nyuma ya masikio na kisogoni, subiri dakika 10, suuza ukiwa umemwinamisha mtoto kwenye beseni ili isimwingie machoni. Usizioshe tena nywele kwa siku moja au mbili. Siku ya 9, ile Jumamosi, unarudia. Mtoto wa chini ya miezi 2 hapakwi kabisa, huyo ni wa kutolewa kwa mkono. Mjamzito na anayenyonyesha waulize kwanza kliniki.

Baada ya saa 8 hadi 12 angalia. Ukikuta chawa wamekufa au wanajikokota, dawa inafanya kazi. Wakiwa wanakimbia kama jana, usiongeze dawa ile ile juu yake. Siku hizi wako chawa wasioisikia permethrini. Rudi famasi au kituo cha afya wakupe ya aina nyingine.

BBE, ile dawa nyeupe ya upele, watu wanaitumia sana. Inachoma vibaya penye michubuko, na mtoto aliyejikuna wiki mbili kichwa chake kina michubuko. Usimpake mtoto bila mfamasia kukwambia uizimue vipi.

Sasa haya mengine naomba unisikilize. Mafuta ya taa hapana: yanababua ngozi, mvuke wake ni sumu, na jikoni kuna moto. Dawa ya mbu ya kupuliza na dawa ya kuogeshea ng'ombe ni hapana kubwa zaidi, maana sumu hiyo hupenya ngozini na kichwa cha mtoto ni kidogo. Mafuta ya karafuu tunayajivunia hapa kwetu, lakini yakipakwa makavu makavu bila kuzimuliwa huunguza ngozi na macho. Mafuta ya nazi hayana ubaya. Hayaui mayai, ila yanatelezesha kitana na kumpunguza chawa mbio.

Hatua ya 4: Kitana

Hapa ndipo kazi ilipo. Nunua kitana cha chawa chenye meno ya chuma, marefu, yaliyobanana kiasi kwamba uzi wa cherehani unapita kwa shida. Vile vya plastiki meno hupanuka ukikutana na nywele zetu.

Kwa nywele za kipilipili usianze na kitana hicho zikiwa kavu, utamliza mtoto na hutapita. Lowesha nywele, jaza kondishena mpaka ziwe kama zimepakwa uji (siku ya dawa fanya hivyo kwa maji matupu au mafuta ya nazi, baada ya kusuuza), kisha zifungue kwa chanuo la meno mapana kuanzia nchani kurudi kwenye ngozi. Zikishafunguka, gawanya kichwa mafungu manne, bana matatu, fanyia kazi moja. Ndani ya fungu chukua kishungi chembamba, upana wa kidole kidogo.

Weka meno ya kitana yaguse ngozi, kiinamishe kidogo, vuta polepole mpaka mwisho wa nywele. Futa kwenye tishu nyeupe. Angalia. Kwenye povu jeupe la kondishena chawa anaonekana wazi, miguu inachezacheza, na vitoto vinaonekana kama vumbi lenye uhai. Kunja tishu, pitisha tena kishungi kile kile kutoka juu, kutoka chini, kulia na kushoto. Kitana kikitoka kitupu mara mbili, kisokote kishungi hicho ukibane, nenda cha pili. Mayai yanayogoma kutoka yavute kwa kucha, au kata unywele mmoja mmoja, hakuna atakayejua.

Kichwa chenye nywele nyingi kinakula saa moja na nusu. Mpe mtoto kitu cha kufanya. Mimi huwapa karanga za kumenya, kwa sababu simu inawafanya wainamishe shingo na kisogo kinakunjana.

Mvulana mnyoe tu, kazi imekwisha. Msichana pia anaweza kunyolewa kama ndiyo kawaida ya nyumbani au ya skuli yake, lakini usimnyoe kwa hasira. Chawa hawaji kwa uchafu. Wanapenda kichwa kilichooshwa leo sawasawa na cha wiki iliyopita. (Huko kwenye siasa chawa ni jina la anayejipendekeza kwa wakubwa, na watoto wanalisikia, kwa hiyo utani wa skuli siku hizi umekuwa mchungu mara mbili.)

Hatua ya 5: Nyumba, bila kujichosha

Chawa hana mabawa wala haruki. Anatembea kutoka unywele hadi unywele, vichwa vikigusana: juu ya juzuu moja chuoni, kitanda kimoja dahalia, katuni kwenye simu moja. Akianguka chini hufa ndani ya siku moja au mbili kwa kukosa damu. Kwa hiyo usipulizie godoro sumu wala usitoe makochi nje. Vilivyogusa kichwa siku mbili za mwisho, yaani foronya, shuka, taulo, mitandio, kofia, loweka kwenye maji ya moto ambayo mkono hauyavumilii, kisha anika juani na upige pasi. Kisichofulika funga kwenye mfuko wa plastiki wiki mbili. Vitana na vibanio viloweke dakika 10 kwenye maji yaliyoepuliwa jikoni. Imetosha.

Wasusi wenzangu, hili la vitana linatuhusu. Mwaka niliofungua saluni nilisuka kichwa bila kukikagua, kitana kile kile nikakitumia kwa wawili waliofuata, na wote watatu walikuwa wamelaliana kwenye mkeka wangu wakisubiri zamu. Wiki chache baadaye nilikuwa na mama watatu mlangoni, na walikuwa na haki yao. Sasa nina vitana kumi na mkeka nimeuondoa.

Hatua ya 6: Jumanne, Jumamosi, Jumatano

Unarudia hatua ya 4 kama ilivyo. Jumanne utapata wachache, pengine vitoto tu. Hiyo ni dalili nzuri. Ukipata wakubwa, kuna kichwa ndani ya nyumba ulichokiruka. Jumatano watu wengi huacha kwa sababu Jumamosi hawakuona kitu, na Jumatano hiyo ndiyo inayookota vitoto viwili vya mayai yaliyochelewa. Usiiruke.

Kama kichwani kuna vidonda vyenye usaha, tezi za shingoni zimevimba au mtoto ana homa, usisubiri kalenda, nenda hospitali. Hapo ni bakteria walioingia kwenye michubuko, na kitana hakiwatibu.

Jumapili

Lowesha, chana, futa kwenye tishu. Ikitoka nyeupe kichwa kizima, msuke. Ninapendekeza twende kilioni au nywele za kubana, zisizoning'inia, na kila mtoto awe na mtandio wake na kitana chake. Ukiona hata mmoja anayetembea, mtoto aende skuli hivyo hivyo akiwa amekwisha kutibiwa, hana sababu ya kukosa masomo, ila hesabu inaanza tena. Mwambie mwalimu kwa faragha ili wazazi wengine wakague. Kama darasa zima halikukaguliwa, chawa wanarudi.

Skuli zikishafunguliwa, kila Alhamisi usiku akishafumuliwa nywele pasua nyuma ya masikio na kisogoni, dakika tano kwa tochi ya simu.