Tangi la samaki lenye mimea: kujazia maji si kubadilisha

Wengi wenye matangi ya kioo hapa Tanga huamini kwamba mimea ikishastawi, kazi ya kubadilisha maji imekwisha. Ni kweli nusu. Mimea hula amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, na pia nitrati, ambayo bakteria huitengeneza kutokana na amonia hiyo. Lakini chumvi na chokaa zinazobaki maji yakigeuka mvuke haizimalizi, na kwa joto letu maji hupungua upesi.

Piga hesabu. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35 huingia lita 63. Toa mchanga na mawe, hubaki kama lita 50. Likipoteza lita 3 kwa wiki nawe ukawa unajazia tu, baada ya wiki 17 umeongeza lita 51, na chumvi zimekaribia maradufu. Kwa maji ya kisima cha karibu na bahari, ambayo tayari ni magumu na pengine yana chumvichumvi, hali huharibika mapema zaidi. Dalili yake ni mstari mweupe kwenye kioo, juu kidogo ya usawa wa maji. Hapo maji ya kisima yachanganye nusu kwa nusu na maji ya mvua, ila yale ya mwanzo yanayoosha vumbi la bati yamwage.

Tangi jipya, kwa wiki 6 za kwanza, badilisha theluthi moja mara mbili kwa wiki, kwa sababu bakteria wanaogeuza amonia bado hawajazaliana vya kutosha. Baadaye, mimea ikiwa mingi na samaki wadogo wachache, robo kila wiki 3 yatosha. Samaki wakiwa wengi, au mimea ni ya kukua polepole kama anubias, robo kila wiki.

Maji ya bomba ya Tanga hutoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi na hutiwa klorini, dawa ya kuua vijidudu. Jaza ndoo ya lita 20 siku moja kabla, uiache wazi saa 24 ili klorini iondoke. Zima filta, kisha nyonya lita 12 au 13 kwa mpira, ukipitisha mdomo wake juu ya mchanga palipotuama uchafu bila kung'oa mizizi. Sponji ya filta isuuze ndani ya maji hayo hayo machafu. Ukiisuuza bombani, klorini itaua bakteria wako, na siku chache baadaye samaki wataanza kufa ukidhani ni ugonjwa. Mimina maji mapya taratibu juu ya sahani ili mchanga usitifuke. Usibadilishe yote kwa mkupuo. Mabadiliko ya ghafla ya maji huwaua samaki waliokwisha kuyazoea ya zamani.

Samaki wakihemea juu alfajiri, usikimbilie ndoo. Usiku mimea nayo hutumia oksijeni, na maji ya nyuzi 30 huwa na oksijeni kidogo. Washa pampu ya hewa tangu magharibi hadi asubuhi.

Maji uliyotoa mwagilia mchicha. Mimea uliyopunguza ianike juani ikauke kabisa kabla ya kuitupa, isije ikaota mtaroni na kufika mtoni.