Namna ya kuchagua eafoni zinazokaa vizuri sikioni na kutoa sauti safi

Ukipita kwenye vibanda vya simu pale Mwanga, Kigoma, utaoneshwa eafoni za kila bei, na karibu kila boksi linajisifu kwa besi nzito. Besi hupatikana pale tu kipira, yaani kile kifuniko laini cha silikoni kwenye ncha ya eafoni, kinapoziba tundu la sikio lako barabara. Ndiyo maana eafoni ileile inayomfurahisha mwenzako yaweza kukutolea wewe sauti nyembamba kama ya redio ya mfukoni. Kwa hiyo anza na sikio, fuata sauti, na maandishi ya boksi yasubiri.

Kabla ya kutoka nyumbani, pakua nyimbo unazozijua vizuri zikae kwenye simu ili usitegemee bando. Beba pamba na spiriti ya asilimia 70 kutoka duka la dawa, maana eafoni ya kujaribia imeshapita masikio mengi. Angalia pia simu yako: ina tundu la duara la milimita 3.5, au ina USB-C peke yake?

Hatua ya 1: Pata kipira cha saizi yako

Boksi nyingi huja na vipira vya saizi tatu: S, M na L. Vilivyovishwa tayari huwa ni vya M, na wanunuzi wengi hawavibadilishi kamwe. Hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea.

Kuvaa nako kuna namna yake. Pitisha mkono wa kushoto nyuma ya kichwa, shika sikio la kulia, livute juu na nyuma kidogo ili njia yake inyooke. Kwa mkono wa kulia ingiza eafoni polepole huku ukiizungusha, kisha achia sikio. Ukisikia mlio wa "krr" wakati wa kuingiza, hewa iliyobanwa inakunja kiwambo cha spika ndogo iliyomo ndani. Punguza kasi. Ikilia hivyo kila mara hata ukienda taratibu, chagua nyingine.

Sasa pima. Guna "mmm": sauti yako isikike nzito kichwani, na iwe sawa pande zote mbili. Kisha piga wimbo wenye besi na usukume eafoni ndani kidogo kwa kidole. Besi ikipanda ghafla, kipira kilikuwa kinavujisha. Panda saizi moja au jaribu chenye umbo tofauti. Mwisho, tafuna kama unayekula na ugeuze shingo. Ikichomoka au besi ikipotea, bado hujapata.

Kuna wanaokimbilia L wakidhani kikubwa ndicho kinachoziba zaidi. Kipira kikizidi njia ya sikio hujikunja, hewa ikapita kwenye mikunjo, na sikio likauma juu yake. Halafu masikio ya mtu mmoja mara nyingi hayalingani. Kuvaa M kulia na S kushoto ni sawa kabisa.

Silikoni zote zikikushinda, tafuta vipira vya sponji. Vibonyeze kwa kuviviringisha kati ya vidole, ingiza, shikilia sekunde 20 hadi 30 mpaka vitanuke. Huziba kelele vizuri na hukaa hata kwenye masikio yenye njia iliyopinda, ila huchakaa mapema kwa jasho na hupunguza kidogo ukali wa sauti za juu.

Hatua ya 2: Sikiliza maumivu yako yapo wapi

Dakika mbili hazitoshi kujua. Mwombe muuzaji kwa upole: "Kaka, naomba nikae nazo robo saa hapahapa kabla sijalipa." Ukiumia ndani ya tundu, kipira ni kikubwa. Ukiumia kwenye bakuli la nje la sikio, ni mwili wa eafoni wenyewe uliozidi, na hilo kipira hakilitibu. Mwenye masikio madogo aanze na eafoni zenye mwili mwembamba na mwepesi.

Hatua ya 3: Jaribu sauti kwa wimbo unaoujua

Chukua rekodi ya zamani ya dansi, tuseme ya Tabora Jazz. Rekodi nyingi za enzi hizo ni za mono, yaani kulia na kushoto hutoka kitu kilekile, kwa hiyo mwimbaji anapaswa kusikika katikati kabisa ya kichwa. Akiegemea upande mmoja, badilishana eafoni: ya kulia vaa kushoto. Mwimbaji akihama nayo, spika hazilingani, iache. Akibaki upande uleule, kipira cha upande ule mwingine hakijakaa.

Kisha fuatilia gitaa la besi peke yake. Unapaswa kusikia noti ikianza na kuisha, siyo mvumo mmoja unaofunika gitaa la ridhimu. Sikiliza na herufi "s" na "sh" za mwimbaji: zikichoma sikio kwa sauti ya wastani, baada ya saa moja zitakuchosha. Besi iliyozidi unaweza kuipunguza kwenye ikwalaiza ya simu (sehemu ya kurekebisha sauti), lakini mvumo wa spika mbovu hautoki.

Hatua ya 4: Kagua waya na pini

Tikisa waya karibu na pini na kwenye maungio huku muziki ukilia. Ukikatika hata mara moja, rudisha. Ikiwa mwimbaji amefifia kama yuko kisimani na zimebaki ala za pembeni tu, pini haijazama mpaka mwisho au waya wa ndani unaotumiwa na pande zote mbili umekatika. Waya ukigusa nguo na kupiga kelele masikioni, upitishe juu ya sikio na kelele itapungua sana.

Namba za boksini chache zina maana. "20–20,000 Hz" ni kipimo cha usikivu wa binadamu, na karibu kila eafoni huandikwa hivyo. Kwa simu, omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 16 hadi 32 zinatosha. Wingi wa spika ndani ya sikio moja si ubora.

Za Bluetooth zinafaa kwa mazoezi na simu, ila betri zake ni ndogo sana, huchoka, na nyingi hazibadilishiki. Kwenye video, angalia kama midomo na maneno vinakwenda pamoja.

Hatua ya 5: Zijaribu penye kelele

Washa eafoni kando ya barabara. Ikibidi upandishe sauti sana ili kuzidi bodaboda, ndani ya treni ya kwenda Tabora utaumiza masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri kwa mtu mzima zisizidi desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila zikiongezeka 3, muda huo unapungua nusu. Kipira kinachoziba vizuri hukuruhusu kusikiliza chini. Ukitembea barabarani, toa upande mmoja.

Ukishanunua

Upande mmoja ukififia baada ya miezi, mara nyingi ni nta ya sikio imeziba wavu. Toa kipira, elekeza mdomo wa eafoni chini ili uchafu uanguke nje, na upige kwa mswaki laini mkavu. Usichokonoe kwa sindano, maana wavu ukitoboka nta itafika kwenye kiwambo. Vipira vya silikoni vioshe kwa sabuni na maji, vikauke kabisa ndipo uvirudishe.