Nyumba ikishapigwa mnada: namna ya kupata nyingine

Wanakikundi, minada ya korosho inakaribia na wapo miongoni mwetu hapa Mtwara wanaotaka kuanza upya.

Kwanza, funga hesabu ya zamani. Nenda benki, hata kama unaona aibu, uombe kwa maandishi: nyumba iliuzwa shilingi ngapi, zimekatwa ngapi. Kilichozidi deni na gharama ni haki yako. Kikipungua, bado unadaiwa. Ukimaliza kulipa, dai barua ya kumaliza deni.

Pili, omba ripoti yako ya mikopo Creditinfo au Dun & Bradstreet, kampuni zinazotunza kumbukumbu za wakopaji kwa leseni ya Benki Kuu. Deni ulilolipa likisomeka bado lipo, peleka ile barua lirekebishwe.

Tatu, kiwanja. Hapa nawasihi msiwe na haraka. Iwe Naliendele au Mikindani, tafuta kilichopimwa. Mhuri wa serikali ya mtaa hauonyeshi kama kuna rehani. Chukua namba ya kiwanja, uliza ofisi ya ardhi ya halmashauri, kisha fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati: mmiliki ni nani, kuna rehani, kuna zuio la mahakama? Mke au mume wa muuzaji naye asaini. Kama ni mali ya urithi, mwuzaji awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Lipa kwa benki, si mkononi.

Nne, jenga kwa pesa ya msimu: mwaka huu msingi, mwakani boma. Inachosha, lakini hakuna atakayekugongea mlango.

Maswali ya wanachama

*Shangazi, nyumba yetu iliwekwa rehani mke wangu hakusaini. Tumechelewa?*
Mwanangu, sheria ya ardhi ya 1999 inataka ridhaa ya mwenza kwa nyumba ya familia. Peleka nyaraka kwa wakili wiki hii hii. Kadiri mnunuzi anavyokaa ndani, ndivyo kesi inavyokuwa ngumu.

*Nikinunua nyumba ya mnada, kwa kuwa ni rahisi?*
Inaruhusiwa. Ila fika uone nani anaishi humo, na uulize kama kuna kesi mahakamani.

*Kiwanja nikiandike jina la kaka, benki isikione?*
Usifanye hivyo, dada. Anayetambulika ni aliye kwenye hati. Kaka akifariki, utagombana na wajane na watoto wake. Kama bado unadaiwa, kaa na benki mpangiane malipo, halafu uandike jina lako.