Kofia kwanza, losheni baadaye

Wazazi wengi wanaokuja kushonesha nguo za mtoto mwenye ualbino huanza kwa kuniuliza, "Dada, losheni gani nzuri?" Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, nami nina ualbino, kwa hiyo jibu langu lina upendeleo: anza na nguo. Losheni huisha, jasho huifuta, na bei yake dukani si ya kila nyumba. Shati la mikono mirefu halihitaji kupakwa upya.

Ngozi yetu ina melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, kidogo mno, na melanini ndiyo inayozuia miale ya jua isiharibu seli zilizo chini. Madhara hujilimbikiza tangu utotoni. Ndiyo maana wapo wenzetu wanaougua saratani ya ngozi wakiwa na miaka ya ishirini au thelathini, na hushika zaidi usoni, masikioni, midomoni na shingoni. Sasa itazame kapelo anayovalishwa mtoto: inafunika paji la uso tu. Masikio nje, kisogo nje.

Kofia nzuri ni ya pama, yenye ukingo wa inchi tatu kuzunguka kichwa chote. Pima kwa futi kamba, usikadirie kwa macho. Ukingo uwe mgumu usilale, maana mtoto wetu haoni mbali na ukimziba ataivua. Chini ya ukingo mimi huweka kitambaa cheusi au bluu iliyoiva, kipunguze mng'ao unaotoka ardhini kwenda machoni. Weka na kamba ya kidevuni, la sivyo upepo utaichukua siku ya kwanza.

Kitambaa nacho kina kipimo chake. Kiinue kwenye mwanga. Ukiviona vidole vyako upande wa pili, jua nalo litapita. Kaki na jinzi ni nzuri, na rangi iliyokoza hushinda nyeupe. Pamba nyepesi ikilowa jasho hupitisha miale zaidi, na nguo iliyochakaa ikavutika vilevile. Kinachonisumbua ni shati jeupe la shule, maana rangi hatuchagui. Hilo nalitia bitana mabegani na mgongoni, na ukosi naupandisha kidogo. Halafu, mzazi, mwone mwalimu mkuu kabla shule haijafunguliwa. Mweleze kwamba kofia ile ni kinga, mtoto asije akavuliwa mstarini mbele ya wenzake.

Jua kali zaidi ni la kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Mawingu yetu ya Julai yasikudanganye, miale inayapenya. Na kadiri unavyopanda mlima ndivyo inavyozidi, ingawa baridi inakuambia vingine.

Losheni sasa ni ya pale nguo isipofika: uso, masikio, shingo, migongo ya viganja, na miguu ikiwa ni ndala. Tafuta yenye namba ya kinga ya jua (SPF) 30 au zaidi. Hapa Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya Kilisun, iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino na hugawiwa kliniki. Ulizia kliniki ya ngozi iliyo karibu nawe. Uso, shingo na masikio ya mtu mzima hutaka karibu kijiko kimoja cha chai. Paka kabla ya kutoka, rudia kila baada ya saa mbili ukiwa juani. Mtoto wa chini ya miezi sita mfunike na umweke kivulini, losheni isubiri.

Jambo linalosahaulika ni ukaguzi. Macho yetu ni hafifu, kioo hakitoshi. Kila mwezi mpe mtu unayemwamini akukague kwenye mwanga mzuri, nyuma ya masikio na kisogoni pia, au akupige picha kwa simu muilinganishe na ya mwezi uliopita. Akipapasa akakuta kidoa kikavu kinachokwaruza kama msasa, nenda kliniki. Mara nyingi kidoa hicho bado si saratani, na daktari hukigandisha kwa naitrojeni ya baridi kali. Kinauma kidogo, kinatoka malengelenge, kinapona. Kidonda kinachotoa damu au kisichopona kwa mwezi mzima usikifiche kwa plasta wala majani ya kupondwa. Kitakatwa kinyama kidogo kipelekwe maabara. Kikiwahiwa, upasuaji mara nyingi humaliza kazi. Kikichelewa, safari inaweza kuwa ya mionzi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Ndugu zetu weusi nao wasijione wako salama kabisa. Kwao kagueni nyayo, chini ya kucha, na makovu ya zamani ya moto yanayofumuka vidonda. Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa saratani ya ngozi iliyoanzia kidoleni mguuni.

Aliyekwisha kutibiwa hajamaliza, kwa sababu ngozi iliyobaki imepigwa jua lilelile. Asiache kliniki hata kama haumwi. Kovu jipya na ngozi iliyopandikizwa havitakiwi kuona jua, basi ashonewe kofia yenye pazia la kisogoni. Na kwa aliyekatwa sehemu ya sikio, miwani haikai: nunua mkanda wa kufungia nyuma ya kichwa, uje nao tunapopima kofia, ili ukingo usiusukume.